Sonny Chiba na The Street Fighter: yanayosemwa na yaliyo kweli

Filamu ya Kijapani The Street Fighter ilitolewa na kampuni ya Toei mwaka 1974, na hadi leo inazushiwa mengi. Uzushi unaouma zaidi ni kwamba mwigizaji wake mkuu, Sonny Chiba, ni Bruce Lee wa kuiga.

Ni kweli kwamba Enter the Dragon ilipofika Japani mwishoni mwa 1973, miezi michache baada ya Bruce Lee kufariki, watu walifurika na Toei ikaona soko. Lakini kareti ya Chiba haikuzaliwa na soko hilo. Alifundishwa na Masutatsu Oyama, mwasisi wa mtindo wa kareti uitwao Kyokushin, akapata mkanda mweusi mwaka 1965. Mtazame tu: Bruce Lee ni mwepesi, anarukaruka, Chiba husimama amekaza mwili mzima, akivuta pumzi hadi koo linakoroma, ndipo ngumi itoke.

“Ilipewa daraja X Marekani, la watu wazima tu, basi ni ya ngono.” Sivyo. Ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza huko kupewa daraja hilo kwa ukatili wake. Ngumi inashuka utosini, picha inageuka ghafla kuwa ya eksirei, na fuvu linaonekana likipasuka. Kwingine Chiba anamng'oa mbakaji sehemu za siri kwa mkono mtupu. Baadaye ilikatwakatwa ili ishushwe daraja, kwa hiyo wapo walioitazama ikiwa pungufu.

“Steringi ni mtu mwema.” Huyu siye. Takuma Tsurugi, anayeigizwa na Chiba, ni mamluki. Mtu na dada yake wanamkodi amtoroshe ndugu yao aliyehukumiwa kunyongwa; wanaposhindwa kumlipa, yule kaka anakufa katika ugomvi na Tsurugi anamuuza dada kwenye ukahaba. Kwangu hilo ni zito kuliko damu yote inayomwagika humo. Hata anapogeuka kumlinda binti aliyerithi utajiri wa mafuta, moyo unakataa kumwamini.

“Ndiyo ule mchezo wa video.” Hapana. Mchezo wa Street Fighter wa kampuni ya Capcom wa 1987 una hadithi yake, na filamu ya Van Damme ya 1994 ilitokana na mfululizo wa mchezo huo.

Halafu kuna Ezekieli 25:17, anayoikariri Samuel L. Jackson katika Pulp Fiction, filamu ya mwongozaji Quentin Tarantino. Fungua Biblia: utakuta kipande cha mwisho tu. Sehemu kubwa ya maneno yale ilitoka kwenye utangulizi wa filamu nyingine ya Chiba, The Bodyguard, ilivyoonyeshwa Marekani. Tarantino alimpenda mno Chiba, na mwaka 2003 akampa nafasi ya Hattori Hanzo, mfua panga, katika filamu yake Kill Bill.

Ila wanaodhani urithi wa Chiba ni Tarantino peke yake wanaisahau Japan Action Club, aliyoianzisha mwaka 1970 kuwafunza vijana mapigano ya filamu. Humo alitoka Etsuko Shihomi, aliyekuwa mhusika mkuu wa filamu ya Sister Street Fighter mwaka huohuo wa 1974 akiwa hajafika miaka 20. Humo pia aliingia Hiroyuki Sanada akiwa mtoto, yule aliyeshinda tuzo ya televisheni ya Emmy mwaka 2024 kwa tamthilia ya Shōgun.