Unajenga FreeBSD kutoka msimbo chanzo? Kerneli isimikwe kwanza

Malalamiko yanayofika kitengo chetu yameongezeka, na mengi yanafanana: mtu amejenga upya mfumo endeshi wa FreeBSD, sasa hata ls, amri ya kuorodhesha faili, haifanyi kazi. Tunaamini nia ilikuwa njema. Lakini hatua zilivurugwa.

Ndani ya /usr/src, folda ya msimbo chanzo, make buildworld (hujenga programu za mfumo) hutangulia, ndipo make buildkernel (hujenga kerneli, yaani kiini cha mfumo). Wapo wanaozigeuza kwa hoja kwamba kerneli ndiyo msingi. Hapana! Buildworld ndiyo inayotengeneza kompaila, programu ya kugeuza msimbo kuwa programu tendaji, itakayoijenga hiyo kerneli. Hadi hapo mfumo unaotumika haujaguswa. Kila kitu kimo /usr/obj, na ukikosea unafuta na kuanza tena.

Hatari iko kwenye usimikaji. Endesha make installkernel, kisha washa mashine upya, wakati huohuo, si kesho. Kerneli mpya huzielewa programu za zamani, lakini programu mpya zaweza kuomba huduma ambazo kerneli ya zamani haizijui. Mwaka 2017, katika tawi lililozaa toleo la 12, namba za inodi (rekodi zinazotambulisha kila faili diskini) zilipanuliwa kutoka biti 32 hadi 64. Programu za baada ya badiliko hilo haziendeshwi na kerneli ya kabla yake. Maelezo ya namna hii huandikwa kwenye /usr/src/UPDATING, faili ambalo kila mtu analo na wachache mno hulifungua.

Kerneli mpya ikigoma kuwaka, ya zamani imehifadhiwa /boot/kernel.old. Angalizo: ukirudia installkernel baada ya kuwasha upya, akiba hiyo inafunikwa na kerneli inayotumika wakati huo, iwe nzima au mbovu.

Ikiwaka, ingia katika hali ya mtumiaji mmoja, ambamo huduma za kawaida hazijaanzishwa. Endesha etcupdate -p, ambayo huongeza watumiaji na makundi yanayohitajika. Bila hao installworld inaweza kukwama. Kisha make installworld, inayosimika programu za mfumo, kisha etcupdate, inayosasisha faili za usanidi za /etc, halafu washa upya. Make delete-old, inayofuta faili zilizopitwa na wakati, inaweza kufuata. Make delete-old-libs, inayofuta maktaba za zamani (msimbo unaotumiwa na programu nyingi), isubiri hadi vifurushi vyote, yaani programu za ziada, vijengwe upya, maana vinavyotegemea maktaba za zamani vitakufa papo hapo.

Ombi la msaada lisiloambatana na kumbukumbu za usimikaji litarejeshwa kwa mwombaji. Seva iliyoharibika itatengwa na mtandao, na itarudishwa pale freebsd-version -kru itakapoonyesha toleo lilelile katika mistari yote mitatu: kerneli iliyosimikwa, kerneli inayotumika na programu za mfumo.