Vasco da Gama hakutuonyesha njia

Kazi yangu ni kutembeza wageni Malindi na Mombasa. Karibu kila kundi likifika kwenye nguzo ya Malindi ya Vasco da Gama, baharia Mreno, halikosi mtu wa kusema kwa sauti: "Huyu ndiye shujaa aliyegundua njia ya bahari ya kwenda India." Wakati mwingine ni mwalimu, na wanafunzi wake wanaandika daftarini. Hapo ndipo naposhindwa kunyamaza.

Dhana: Aligundua njia ya India

Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akakuta vyombo kutoka India vimetia nanga. Vilipita wapi kama njia ilikuwa haijulikani? Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulikuwa umeshafika China na twiga wa kumpa mfalme. Manahodha wa pwani hii, wa Arabuni na wa Gujarati walikuwa wakienda India kwa kusi, upepo wa kutoka kusini-magharibi, na kurudi kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, tangu karne nyingi. Mgeni asiyezijua pepo hizo aliomba rubani, na sultani wa Malindi akampa. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ndiyo kwanza inashika, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut, India. Hazikutimia wiki nne.

Sasa tazameni safari ya kurudi, ambayo vitabu vya shule huiruka. Aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, kaskazi bado haijaanza kuvuma. Nahodha yeyote wa Lamu angemwambia asubiri. Kutoka visiwa vya pwani ya India hadi Afrika walitumia karibu miezi mitatu, mara shwari, mara upepo wa mbele. Kiseyeye kikawaingia, fizi zikavimba hadi kufunika meno, na watu wapatao 30 wakafa. Januari 1499 Malindi iliwapa wagonjwa machungwa. Mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu, hivyo São Rafael ikachomwa moto. Bahari ni ileile na merikebu ni zilezile. Tofauti ni kwamba safari ya kwenda walimsikiliza mtu aliyejua.

Namkubalia jambo moja, na ni kubwa: kutoka visiwa vya Cape Verde hadi karibu na Rasi ya Tumaini Jema alikata Atlantiki miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Huo ni ubaharia wa hali ya juu. Lakini ubaharia ni kitu kimoja na ushujaa ni kingine, na mambo haya yameandikwa na Wareno wenyewe. Mombasa, Aprili 1498, aliwadondoshea mateka mafuta yanayochemka mwilini ili waseme. Mwaka 1502 alirudi na kundi kubwa la merikebu, akatishia kuichoma Kilwa mpaka Amiri Ibrahim akakubali kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo kiko kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Mwaka huohuo wa 1502 aliteka karibu na India meli ya mahujaji waliotoka Makka, akapora mali, kisha akaamuru ichomwe na watu wakiwa ndani. Mtu aliyekuwa kwenye msafara wake aliandika kwamba kina mama waliinua watoto wao wachanga na kuonyesha vito vyao, wakiomba wahurumiwe. Hawakuhurumiwa. Anayetaka kumwita shujaa aanze kwanza kunieleza meli hiyo.

Kwa walimu nina ombi moja, na nalirudia kila mwaka: anzeni kwenye magofu ya Gedi, kisha ndipo mje kwenye nguzo. Mtoto akishaona kuta za mji uliokuwa ukitumia vyombo vya kauri kutoka China kabla Mreno hajafika, hatauliza nani alitufungulia bahari.

Dhana: Rubani alikuwa Ahmad ibn Majid

Hii huletwa na watu wetu wenyewe, kwa fahari. Ibn Majid alikuwa bingwa wa kweli wa bahari, lakini mwaka 1498 alikuwa mzee, na waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani kuwa mtu wa Gujarati. Tusimtwike safari isiyo yake.

Dhana: Da Gama alijenga Fort Jesus

Hapana. Alikufa Cochin, India, mwaka 1524. Ngome hiyo ya Wareno ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593.

Dhana: Malindi ilimpokea kwa mapenzi

Malindi ilikuwa na ugomvi na Mombasa, ikaona mizinga ya mgeni itaifaa. Hesabu ilitimia: Mombasa iliposhindwa, Wareno walimhamishia huko mtawala wa Malindi. Malindi ikabaki nyuma, ikadhoofika. Mwaka 1614 mtawala wa ukoo huo, Sultani Hasan, aliuawa baada ya kukosana na Wareno. Mwanawe Yusuf walimlea Goa, koloni lao India, wakambatiza, kisha wakamrudisha Mombasa atawale. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni wa ngome na kuishika.