Je, kibao cha "Mbwa Mkali" kinamkinga mwenye mbwa?

Pita mtaa wowote wenye mageti marefu, Dar es Salaam au Nairobi, utakiona: bati dogo limepigwa misumari, maandishi mekundu, pengine na kichwa cha mbwa aliyetoa meno. Tanzania huandikwa "Mbwa Mkali", Kenya wengi huandika "Mbwa Kali". Wenye nyumba huamini bati hilo limemaliza kazi: nimekuonya, ukiumwa shauri yako.

Sivyo. Mara nyingi bati hilo ndilo linalombana mwenyewe.

Kabla ya kupima jeraha, sheria inauliza: mwenye mbwa alijua? Swali hili tumelirithi kutoka mahakama za Uingereza, ambazo kanuni zake zilipokelewa Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni hizo, anayefuga simba au chui hulipa madhara yake bila kuulizwa alijua nini. Mbwa huhesabiwa mnyama mpole. Kwa hiyo aliyeumwa anapaswa kuthibitisha kwamba mbwa huyu, si mbwa kwa jumla, alikuwa na tabia ya kushambulia watu, na mwenyewe anaijua.

Wapo wanaosema basi kila mbwa ana ruhusa ya kuuma mara moja. Hapana. Akiwa amewahi kumrukia mtoto wa jirani au kumkimbiza mpita njia kwa nia ya kumng'ata, na habari zikamfikia mwenyewe, inatosha. Baada ya hapo hawezi kujitetea kwamba mnyororo ulikuwa imara, umekatika kwa bahati mbaya. Wazo hili ni la kale sana: Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamwachia mwenye ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe, ila kama ng'ombe huyo alizoea kupiga watu na mwenyewe alionywa, basi naye anawajibika.

Kuna jambo moja katika historia hii linaniuma. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mbwa akijeruhi kondoo au ng'ombe, mwenyewe alipe bila mdai kuthibitisha kwamba alijua. Aliyeng'atiwa mtoto aliendelea kudaiwa ushahidi ule ule.

Sasa rudi getini. Aliyeandika "mbwa mkali" ametupa ushahidi wa kujua, tena kwa rangi nyekundu. Katika kesi ya Sarch na Blackburn, London, mwaka 1830, kibao cha onyo kilikuwepo lakini aliyeumwa hakujua kusoma. Msimamo wa mahakama ulikuwa kwamba mtu ana haki ya kufuga mbwa mkali alinde mali, ila hana haki ya kumweka kwenye njia ya mtu anayeijia nyumba kwa shughuli halali. Mwizi aliyeruka ukuta usiku hana pa kusimamia. Msoma mita ya maji, mleta mtungi wa gesi, mgeni aliyebisha hodi akaambiwa karibu, hao wanapo.

Na kama mwenyewe hakujua kabisa? Bado kuna uzembe: geti limeachwa wazi, mbwa amefunguliwa saa ambayo wanafunzi wanapita. Uzembe huo unaweza hata kuwa jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 233, na ya Kenya, kifungu cha 243, zinamtia hatiani anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama wake.

Ukiumwa, mahakama isubiri kwanza. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, maana dalili zake zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Polisi chukua fomu ya PF3. Kenya ni P3. Tunza kila risiti, ya sindano na ya nauli. Muda wa kufungua madai ni miaka 3 katika nchi zote mbili, lakini majirani husahau na wengine huhama, hivyo waulize mapema nani aliwahi kukimbizwa na mbwa huyo, na nani alilalamika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Na kile kibao, kipige picha kabla hakijang'olewa.