Chuma na Susi hawakuwepo: makosa ninayoyasikia Abasia ya Westminster

Kazi yangu ni kutembeza wageni London, wengi wao wakitoka Tanzania na Kenya. Tukiingia Abasia ya Westminster, kabla hatujafika katikati ya kanisa, lazima mmoja atangulie kuwaeleza wenzake: "Hapa ndipo Chuma na Susi walipomleta Livingstone wakamzika." Anasema kwa uhakika kabisa, na mara nyingi ni mwalimu.

Hawakumzika. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alizikwa hapa tarehe 18 Aprili 1874, na siku hiyo Chuma na Susi, watumishi wake wa Kiafrika, hawakuwa Uingereza.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Watu wake waliupasua mwili, wakautoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, kisha wakautia chumvi na kuuanika juani kwa wiki mbili hivi. Waliukunja miguu ili mzigo uwe mfupi, wakauzungushia kaniki, gome la mti na turubai, wakaupaka lami. Wakaanza safari ya kwenda pwani, zaidi ya kilomita 1,500.

Hiyo haikuwa kazi ya watu wawili. Chuma na Susi waliongoza, sawa, lakini walikuwemo Amoda, Mabruki na Gardner, ambao nao walikuwa wamekaa na Livingstone miaka. Walikuwemo vijana waliosomeshwa Nasik, India, kwenye shule ya watumwa waliokombolewa, kama Jacob Wainwright na Carus Farrar. Walikuwemo wapagazi kadhaa, na wanawake, akiwemo Halima mpishi, ambaye sijawahi kumsikia akitajwa na mgeni hata mmoja. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike palepale. Wakakataa.

Mbele yake, Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Hapo ndipo msafara ulipoonyesha ujanja wake. Walitangaza kwamba wameghairi, wanamrudisha marehemu Unyanyembe akazikwe. Wakafunga mabua ya mtama kwa nguo, yakawa na umbo la maiti, wakawapa wenzao wachache waondoke nayo kwa heshima zote. Hao walipofika porini walifungua wakayatupa mabua, wakarudi usiku. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama robota la nguo, ukapita mbele ya macho ya watu kama bidhaa nyingine yoyote. Hadithi hii ina utamu kuliko ile ya vitabuni ya "watumishi wawili waaminifu", na ni ya kweli.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo, mwili ukalazwa kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kaimu konseli wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar akaupokea, akawalipa watu mishahara yao, basi. Kwa Chuma na Susi safari iliishia hapo. Aliyepanda meli na jeneza hadi Southampton alikuwa Jacob Wainwright, ambaye nauli yake ililipwa na Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana. Ndiye aliyesoma sala za maziko kule kwa Chitambo, na ndiye Mwafrika aliyekuwa miongoni mwa wabeba jeneza wanane, pamoja na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyewahi kumtafuta Livingstone, na John Kirk, aliyewahi kusafiri naye. Chuma na Susi walikuja baadaye mwaka huohuo kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu, wakamsaidia Horace Waller, rafiki mwingine wa marehemu, kuyaweka sawa madaftari ya mwisho ya Livingstone. Kwa hiyo mchango wao Uingereza upo. Mazishini hawapo.

Wengine hunijibu, "Aah, si walikuwa wote tu." Hapana! Ukiwataja wawili unawafuta wote waliobaki, na jiwe la kaburi limeshawafuta vya kutosha. Liko katikati ya kanisa, jiwe jeusi lenye herufi za shaba, na mstari wake wa kwanza unasema aliletwa na mikono aminifu, juu ya nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Hakuna jina hata moja. Ule mti wa kwa Chitambo, aliouchonga Wainwright, uliandikwa jina la Livingstone na chini yake majina matatu ya Kiafrika. Ushauri wangu kwa kila kundi ni mmoja: simameni pembeni ya jiwe, lisomeni lote, halafu mtaje kwa sauti majina mnayoyajua. Wengine hucheka. Mimi sicheki.

Kuna tawi la kosa hilo: kwamba moyo wake ulizikwa Bagamoyo, na ndiyo asili ya jina la mji. Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta, na mji ulikuwa ukiitwa hivyohivyo, Livingstone mwenyewe akiwa hai. Moyo uko Zambia, penye mnara wa kumbukumbu. Na kwa wanaodai kaburi la London lina mtu mwingine: daktari Sir William Fergusson aliukagua mwili ulipofika, akauona mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka thelathini nyuma na kuunga vibaya.

Mengine nayamaliza haraka.

"Wafalme wote wa Uingereza wamezikwa hapa." Wa mwisho alikuwa George wa Pili, mwaka 1760. Baada yake wengi wako Windsor, na huko ndiko aliko Malkia Elizabeth wa Pili. Ibada ya mazishi yake ilifanyika hapa tarehe 19 Septemba 2022, lakini ibada na kaburi ni vitu viwili. Vivyo hivyo kwa Diana: ibada hapa mwaka 1997, kaburi Althorp. Harusi yake, kwa faida ya wanaobishana nami kila msimu, ilikuwa St Paul's.

"Wafalme hutawazwa juu ya kiti cha dhahabu." Kiti ni cha mti wa mwaloni, kilitengenezwa kwa amri ya Edward wa Kwanza, na kimechongwachongwa majina na wanafunzi na watalii wa zamani. Mmoja ameandika kwamba alilala humo usiku mmoja wa Julai 1800. Juu ya kiti hichohicho Charles wa Tatu alivikwa taji tarehe 6 Mei 2023. Taji zenyewe msizitafute hapa, ziko Mnara wa London.

"Shakespeare amezikwa Kona ya Washairi," yaani sehemu ya abasia yenye makaburi na kumbukumbu za waandishi. Yuko Stratford. Hapa pana sanamu yake ya mwaka 1740. Chaucer ndiye aliyezikwa humu, tena si kwa ushairi. Alikuwa mtumishi wa mfalme na mpangaji wa abasia.

"Askofu Mkuu Janani Luwum amezikwa hapa." Hili wanalisema sana wageni wa Uganda, na nalielewa, kwa sababu sanamu yake iko nje, juu ya mlango mkubwa wa magharibi, miongoni mwa wafia dini kumi wa karne ya ishirini, tangu 1998. Kaburi lake liko Mucwini, Kitgum.

Na jamani, hili si kanisa kuu la jimbo. Lilipata hadhi hiyo kwa muda mfupi tu karne ya 16. Leo halina askofu juu yake, liko moja kwa moja chini ya mfalme. Kanisa kuu la Westminster lipo, ni la Wakatoliki, karibu na stesheni ya Victoria. Mwambieni dereva wa teksi "abasia", la sivyo atawashusha kule, na mimi nitakuwa nawasubiri huku.