Mto Fleet upo: yanayodhaniwa kuhusu mto uliozikwa chini ya London

"Fleet ulikauka zamani."
Haukukauka. Nenda Ray Street, mtaa wa Clerkenwell, saa ambayo magari ni machache. Mbele ya baa ya pale kuna wavu wa chuma barabarani. Inama utege sikio: utasikia maji yakienda mbio huko chini, na mvua ikiwa imenyesha yananguruma. Ndio Fleet huo. Umetoka kwenye vilima vya Hampstead Heath kwa vijito viwili, ukapita King's Cross, na sasa unashuka kuelekea mto Thames, kwenye daraja la Blackfriars.

"Uko chini ya Fleet Street."
Kosa hili limewapoteza wengi wanaoutafuta. Barabara hiyo ilipata jina kwa kuwa inaelekea mtoni. Inaukata mto, haiufuati. Mto uko chini ya Farringdon Street na New Bridge Street. Simama Ludgate Circus, penye njia panda. Magharibi, Fleet Street inapanda. Mashariki, Ludgate Hill inapanda kwenda kanisa la St Paul's. Hapo uliposimama ni bondeni, na zamani ungekuwa majini.

"Bila mitambo huwezi kuufuatilia."
Miguu yako na ramani ya kale vinatosha, mradi usidharau miteremko wala majina. Mto hufunikwa, lakini bonde lake si rahisi kulificha. Holborn Viaduct, lililofunguliwa 1869, ni daraja ambalo chini yake hupita magari tu. Lilijengwa kuvuka bonde la Fleet. Jina Holborn maana yake kijito cha bondeni. Na "fleet" katika Kiingereza cha kale ni hori, mkono wa maji unaojaa na kupwa. Wenyeji wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa hili: Darajani leo hapana daraja, na kwenda Ng'ambo huvuki maji, kwa sababu hori lililokuwa katikati lilifukiwa, majina yakabaki.

"Ulifunikwa kwa mkupuo mmoja."
Ulimezwa kipande kwa kipande. Baada ya moto mkubwa wa 1666, msanifu majengo Christopher Wren aliupanua upande wa chini ukawa mfereji wa kupitisha mashua. Watu hawakuacha kutupa taka humo. Miaka ya 1730 sehemu ya kutoka Holborn hadi Fleet Street ikafunikwa, na 1737 soko likafunguliwa juu yake. Miaka ya 1760 ikafuata sehemu ya mwisho, hadi Thames. Huko juu ulizikwa karne ya 19, nyumba zilipozidi kusogea.

"Ukishafunikwa, umetulia."
Mwaka 1846 gesi iliyojikusanya ndani ililipuka. Mwaka 1862 maji yalibomoa kuta yakafurika kwenye ujenzi wa reli ya Metropolitan, reli ya kwanza duniani ya abiria kupita chini ya mji, iliyofunguliwa Januari 1863.

"Huko chini kuna pango lenye maji safi."
Ni mtaro wa matofali uliobeba maji taka. Kabla hayajafika Thames, mabomba yaliyosanifiwa na mhandisi Joseph Bazalgette huyadaka na kuyapeleka mashariki. Mvua ya ghafla ikinyesha Hampstead, mtaro hujaa upesi hata kama mjini pamekauka kabisa. Usifungue chemba ukashuka. Sikilizia pale pale juu ya wavu.