Motisha ya mwanachuo mtu mzima: maana yake, na mkufunzi afanye nini

Motisha ya mwanachuo mtu mzima ni ile nguvu inayomtoa nyumbani mtu mwenye kazi, watoto na madeni, ikamfikisha karakanani saa kumi na moja jioni, kisha ikamrudisha tena kesho yake. Hapo kwenye kurudi ndipo penye shughuli. Kujiandikisha ni jambo la siku moja, lakini kurudi huamuliwa upya kila jioni, na kila jioni mtu hupiga hesabu zake.

Wakufunzi wengi huichukua dhana hii kama kazi ya kuhamasisha: hotuba nzuri siku ya kwanza, mifano ya waliofanikiwa, makofi. Si vibaya, ila haifiki mbali. Fundi wa miaka 38 aliyelipa ada kwa fedha ya vibarua hahitaji kuambiwa kwamba elimu ni muhimu. Motisha amekuja nayo. Mkufunzi ajiulize ni kitu gani katika darasa lake kinachoimaliza.

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Victor Vroom aliandika juu ya motisha ya wafanyakazi, na maelezo yake yanawafaa vizuri sana wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Mtu hupima mambo matatu. Nikijitahidi, nitaweza? Nikiweza, nitakipata kweli kile kinachosemwa? Na hicho chenyewe, nakitaka? Majibu haya huzidishwa, hayajumlishwi, kwa hiyo moja likiwa sifuri, jawabu lote ni sifuri. Ndiyo maana fundi anayejua kabisa kwamba bila cheti hapati tenda, na anayekitamani cheti hicho, anaweza kutoweka wiki ya tatu baada ya somo moja la sehemu na desimali. Mambo mawili ya mwisho hayajabadilika. La kwanza ndilo lililokufa: ameanza kuamini kwamba hawezi. Kumkumbusha faida za cheti wakati huo ni kumtibu mguu mzima. Anachohitaji ni hesabu moja ndogo aipatie, mwenyewe, siku hiyohiyo.

Dhana ya pili inayokwenda sambamba na hii ni andragojia, yaani namna ya kufundisha watu wazima, iliyoenezwa na Mmarekani Malcolm Knowles kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa ufupi, anasema mtu mzima hutaka kujua kwa nini anajifunza jambo kabla ya kulianza, hujiona mtu wa kujiamulia, huja na uzoefu, huwa tayari kujifunza kile ambacho maisha yanamdai sasa, na hushika zaidi akianza na tatizo kuliko akianza na mada. Kati ya haya, uzoefu ndio unaosahaulika zaidi darasani, na ndio wenye faida na hatari kubwa kuliko yote.

Chukua darasa la umeme wa majumbani. Katika vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika vyuo binafsi vya mijini, utamkuta kijana aliyetoka kidato cha nne ameketi jirani na fundi wa mtaani mwenye miaka kumi ya kufunga nyaya. Mkufunzi akianza kwa kuandika kanuni ubaoni, kijana ananakili na fundi anaangalia simu. Sasa aanze kinyume. Aweke mezani kiungio cha waya kilichoungua, plastiki imeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi, kisha aulize: “Fundi, hii umewahi kuikuta wapi?” Jibu litakuja upesi: kwenye hita ya maji ya kuogea. Aliyefunga alitumia waya gani? 1.5, ule wa taa. Kwa nini uliungua? Hapo ndipo watajibu “mzigo mkubwa” na kunyamaza, na ukimya huo ndio mlango wa somo.

Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta 5,500 ÷ 230, karibu ampea 24. Nyaya za milimita za mraba 1.5 zikipita ndani ya bomba ukutani, jedwali la kawaida linazipa kama ampea 17.5. Za 2.5 zinapewa 24, yaani ziko ukingoni, na jedwali lenyewe limekadiriwa kwa joto la nyuzi 30, ambalo Dar es Salaam mwezi wa pili huvukwa bila shida. Kwa hiyo ni 4, yenye ampea 32. Fundi ameondoka na jibu la kitu kilichomrudisha kwa mteja mara kadhaa, kijana ameondoka na kanuni, na hakuna aliyeaibishwa.

Kosa la kawaida hapa ni mkufunzi kulisahihisha zoea baya mbele ya watu: “Hivyo ndivyo mnavyochoma nyumba za watu.” Hata kama ni kweli, fundi huyo amevunjiwa heshima mbele ya vijana wanaomwamkia shikamoo, na uwezekano wa kumwona Jumatatu ni mdogo. Acha kipimo kiseme. Mpe mita ya ampea, apime mwenyewe, asome namba mwenyewe, halafu ukae kimya kidogo.

Vinavyomwangusha mwanachuo mtu mzima vina makundi matatu, kwa mgawanyo uliotolewa na mtafiti wa elimu K. Patricia Cross mwaka 1981: vya maisha, vya chuo na vya nafsi. Vya maisha ni mtoto mgonjwa, zamu iliyobadilishwa, nauli. Mkufunzi haviondoi, ila anaweza kuvijua mapema. Juma la kwanza zungumza na kila mmoja dakika tano tu, pembeni, na uandike majibu daftarini: unafanya kazi gani sasa, ni kazi gani mteja akikuletea leo unaikwepa, siku zipi zitakuwa ngumu kufika. Swali la pili lina thamani kuliko fomu nzima ya usajili, kwa sababu linakupa mifano ya kufundishia muhula mzima. La tatu linakusaidia usiweke mtihani wa vitendo siku ya gulio.

Vya chuo vimo mikononi mwetu kuliko tunavyopenda kukiri. Ratiba inayobadilishwa bila taarifa. Mashine moja kwa wanafunzi ishirini, hivyo mtu anasafiri mwendo wa saa nzima kuja kutazama wenzake. Notsi za Kiingereza kwa mtu anayeifahamu kazi yote kwa Kiswahili. Somo lenyewe analielewa, karatasi ndiyo inayomshinda. Kama mtihani ni wa Kiingereza, bandika karakanani orodha ya maneno kumi kumi kila wiki, kila neno likiwa limegandishwa kwenye kifaa chenyewe. Kwa kipindi cha jioni chenye urefu wa saa mbili, mtu ashike kifaa ndani ya dakika ishirini za mwanzo. Mchovu aliyekaa kitini akisikiliza nadharia kwa saa nzima atasinzia, na hapo hakuna utovu wa nidhamu.

Vya nafsi ndivyo vinavyojificha. Mtu aliyefeli darasa la saba mwaka ule anaingia na sauti ya mwalimu wa zamani kichwani. Dalili zake huonekana kama uvivu: anakaa nyuma, “amesahau” miwani, anatania kila anapoulizwa. Usimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake, na jaribio la kwanza lisiwe la maandishi. Liwe la kufanya, la jambo ambalo wengi wataliweza. Unaposahihisha, taja kitu: “viungio hivi vinne vimekaza sawasawa, huu wa tano shaba imebaki nje milimita tatu, rudia huu.” “Kazi nzuri” peke yake mtu mzima haiamini, maana anajua kazi nzuri inafananaje.

Akikosa vipindi viwili, piga simu siku hiyohiyo. Usianze na “mbona huonekani?”, swali linalomdai maelezo. Sema: “Dada, juzi tulifanya kukata kola. Ukiwahi nusu saa kesho tutaipitia.” Umemwambia alichokosa na njia ya kukipata. Akikaa nje wiki tatu, aibu ya kurudi huwa imeshaupita ugumu wa somo lenyewe.

Kwa wenye ujuzi tayari, chombo chenye nguvu kuliko maneno yoyote ni kutambuliwa. Tanzania ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi kupitia VETA: fundi aliyejifunzia kazini hupimwa anachokijua, hujaziwa mapengo, kisha hupewa cheti bila kuanza kozi tangu mwanzo. Mkufunzi anayemfundisha fundi huyu kushika bisibisi kwa wiki mbili kwa sababu muhtasari umesema hivyo, anamfukuza kwa adabu.

Haya yote yana mpaka. Andragojia ikikaririwa kama kanuni, mkufunzi hugeuza kila kipindi kuwa majadiliano, hata pale ambapo hakuna uzoefu wa kujadili. Mama mshonaji anayegusa kompyuta kwa mara ya kwanza hana cha kuchangia juu ya faili na folda, akiulizwa “wewe unaonaje?” anajiona mjinga. Yeye anataka aonyeshwe hatua kwa hatua, mara tatu ikibidi, kisha aachwe ajaribu. Knowles mwenyewe alilegeza: kitabu chake cha mwaka 1970 kiliiweka andragojia kama mpinzani wa ufundishaji wa watoto, na toleo la 1980 likayaweka mawili hayo kwenye mstari mmoja, ambapo mtu husogea kadiri anavyolizoea jambo. Mama huyohuyo kwenye cherehani anaweza kuwa upande mmoja wa mstari asubuhi, na mbele ya kompyuta akawa upande wa pili mchana.