Mashine ikizimwa, mionzi haikomi

Wengi husema: "Mashine ya mionzi ikizimwa haina hatari." Kwa eksirei, na kwa mashine za saratani zinazozalisha mionzi kwa umeme, ni kweli. Za kobalti-60 au sesiamu-137 ni jambo jingine. Ndani yake mna kipande cha dutu hiyo, kinachotoa mionzi chenyewe usiku na mchana. Kuizima ni kukifunika tu kwa kasha zito la madini ya risasi. Kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5 na kidogo, sesiamu kila miaka 30.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, kliniki iliyohama ilikuwa imeacha mashine ya sesiamu kwenye jengo tupu. Watu wawili waliingia, wakang'oa kichwa chake na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Unga wa sesiamu uliokuwa ndani uling'aa buluu gizani, ndugu na majirani wakagawiana. Wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa.

"Anayeiba vitu hivi anataka bomu." Mara nyingi anataka chuma, au gari tu. Desemba 2013 huko Meksiko liliporwa lori lililobeba kobalti kuukuu ya hospitali. Kobalti ilipatikana imetolewa kwenye kasha lake.

"Kinga ni ukuta mnene." Ukuta haujui kilichotoka. Kwangu mimi daftari lina uzito zaidi: kila chanzo cha mionzi kina namba yake, mahali kilipo na mtu anayewajibika, hata baada ya mashine kustaafu. Hasa baada ya kustaafu! Vyanzo vidogo vinavyopandikizwa mwilini mwa mgonjwa kwa muda huhesabiwa vikiingia na vikitoka, na mgonjwa hupimwa kwa kipima mionzi kabla ya kuruhusiwa. Shuka na taka za chumba nazo hupimwa kabla hazijatolewa.

"Aliyepigwa mionzi asikaribiwe." Aliyetibiwa na mashine kutoka nje ya mwili habaki na mionzi yoyote. Aliyemeza iodini-131, dawa yenye mionzi, kwa ajili ya tezi ya shingo ndiye anayetoa mionzi kwa siku kadhaa, hata kwenye mate na mkojo, hivyo huagizwa akae mbali na watoto na wajawazito.

"Taka zake zifukiwe milele." Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8. Taka hufungiwa stoo zikiwa na tarehe. Baada ya siku 80 hivi haibaki hata sehemu moja ya elfu. Hupimwa tena, alama ya mionzi hubanduliwa, kisha hutupwa pamoja na taka nyingine za hospitali.